Mtoto wa chekechea akiamka na homa: aende au abaki?

MwalimuWaAwali_Igoma: Wazazi tuelewane. Kipimajoto kikisoma nyuzi 37.5 kwapani, mtoto abaki nyumbani, na asirudi mpaka apitishe saa 24 hana homa bila dawa ya kuishusha. Mnampa sirapu ya parasetamoli saa 12 asubuhi, anaingia getini mchangamfu; saa 5 dawa imeisha nguvu, anawaka moto. Huko ni kutupima akili.

MamaDagaa_Kirumba: Kutupima akili? Asiyekuwepo soko la samaki la Mwaloni alfajiri hapati mzigo, mwalimu. Kumpa mtoto parasetamoli ni kumtibu, si kumficha. Abaki na nani? Na ada ya siku hizo mnarudisha?

MwalimuWaAwali_Igoma: Ada haihusiani.

MamaDagaa_Kirumba: Inahusiana sana.

Nesi_Butimba: Hamjauliza homa ya nini. Kanda ya ziwa huku, kwanza kipimo cha malaria, tone la damu kidoleni. Malaria haimrukii jirani wa dawati. Anabaki nyumbani kwa sababu ya dozi. Dawa ya mseto ya malaria, ALu: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1, kilo 15 hadi chini ya 25 vidonge 2. Dozi ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka siku 3 zitimie, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Inapoharibika ni siku ya pili: mtoto anacheza, vidonge vinabaki kabatini.

BabaPacha: Sista, na kamasi za kijani? Kuna shule zinarudisha wote.

Nesi_Butimba: Kamasi peke yake hapana, kama anakula na anacheza. Kuhara ndiyo: saa 48 tangu choo cha mwisho cha majimaji. Tetekuwanga mpaka kila lengelenge likauke.

MamaDagaa_Kirumba: Kuhara nakubali. Ila watoto darasa zima wananawa beseni moja kabla ya uji! Wa mwisho anachovya mikono kwenye uchafu wa wenzake wote. Hilo mwalimu hulisemi, unajua sirapu zetu tu.

MwalimuWaAwali_Igoma: Bomba likikauka ninawishe na nini? Tukiomba mchango wa tenki mnanuna.

FundiMaji_Nyegezi: Tenki la nini? Tengenezeni kibuyu chirizi. Dumu la lita 5, toboa tundu moja ubavuni, chini kidogo ya mdomo, kwa msumari uliopashwa moto. Ning'iniza kwa fito, funga kamba shingoni ishuke hadi kijiti cha kukanyaga; mtoto akikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Tundu likiwa pana, maji yanaisha kabla nusu ya darasa haijanawa. Chini mwaga kokoto, la sivyo ni matope.

MamaDagaa_Kirumba: Madumu naleta mawili kesho.

Nesi_Butimba: Yawe ya mafuta ya kula, mama. Yaliyobeba dawa ya kuua wadudu wa pamba yasiguse mikono ya mtoto, hata yakioshwa mara ngapi.