Pafyumu ya vayoleti yaja yapotea, ni feki au ni pua yangu?

BintiKuze: Asalaam alaykum wapendwa, naombeni ushauri. Wifi yangu kaja likizo toka Ufaransa kaniletea pafyumu ya vayoleti, vile viua vidogo vya zambarau vinochanua kwao baridi ikianza kupungua, asema ndo harufu ya bustani asubuhi ardhi bado ina maji. Sasa mie nikijipuliza naisikia vizuuri, tamu kama poda ya mtoto, mara kimya, nikidhani imekwisha yarudi tena. Nimeletewa feki ama? Na Jumamosi nna harusi Kibokoni, joto lile mwalijua, nitie hii au nirudi kwa manukato yangu ya haludi?

Mpaka_Udi: Feki hiyo. Pafyumu gani ya kuisaka kwenye mkono wako mwenyewe 😂

FundiMafuta: Pole pole basi, si feki, ndo tabia ya vayoleti. Kinonukia mle chaitwa ayononi, walitengeneza Wajerumani Tiemann na Krüger mwaka 1893, na tangu hapo pafyumu nyingi za vayoleti hata hilo ua hazina maana mafuta yake ni ghali kupindukia. Ayononi huichosha pua, yazima, ikipumzika waisikia tena, lakini alokaa kando yako yeye aendelea kuisikia tu. Usijiongezee kila ikipotea, utatuulia watu. Mpe mtu mkono anuse.

MamaSwafiya: Shoga hiyo si ya harusi. Watu wamejifukiza udi mpaka nywele, kikuba kifuani, haludi shingoni, hicho kivayoleti chako atakisikia nani? Ivae asubuhi ukitoka kuoga, mwezi wa saba kukiwa na kibaridi ndo utaijua. Na tia kwenye mtandio, jasho laimaliza, jaribu pembeni kwanza isiache doa.

Mpaka_Udi: Mie nlinusa moja ikanuka matango wallahi

FundiMafuta: Hiyo ya majani yake, yana harufu mbichi ya matango na nyasi. Wengine huchanganya majani na ua ndo ipatikane hiyo bustani. Ukibahatika nusa pafyumu ya Après l'Ondée ya kampuni ya Guerlain, ya 1906, vayoleti ilonyeshewa mvua.

BintiKuze: Mume kanusa asema yasikika mpaka mlangoni! Basi harusini naenda na haludi, ila wifi naye atakuwepo na lazima ataniuliza, nimwambieje?

MamaSwafiya: Tia mtandioni kidogo, kisha ukifika mkumbatie yeye wa kwanza.