Kukata kitambi na kujaza mwili kwa pamoja inawezekana? Niko Mtwara

mtoto_wa_shangani
Wakuu salaam. Nina kilo 84, urefu sentimita 170, kazi yangu ni ya kukaa dukani kutwa nzima na kitambi kimeshaanza kuvuka mkanda. Nimeanza jimu hapa mjini, jamaa niliowakuta wananiambia nichague moja, nile sana kwanza mwili ujae halafu ndo nije kukata, au nikimbie kitambi kiishe ndo nishike vyuma. Mi nataka vyote, sitaki kunenepa zaidi ya hapa maana mzee wangu ana sukari na presha. Chakula ndo hiki cha kwetu, ugali wa muhogo, samaki wa nazi, na korosho natafuna muda wote hapa dukani. Nisaidieni.

chuma_kizito
Inawezekana mkuu, tena wewe ndo unafaa kabisa. Mtu ambaye ndo kwanza anashika vyuma mwili unaitikia haraka, na hicho kitambi ni akiba, ukila pungufu kidogo mwili unachota humo, ilimradi protini ya kujengea misuli ipo. Inakuwa ngumu kwa mtu aliyekauka tayari na amepiga tizi miaka mingi.
Ila usijinyime! Punguza kalori 300 mpaka 500 kwa siku basi, ukikaa na njaa mwili unakula hadi misuli. Protini lenga gramu 1.6 kwa kila kilo, kwako ni kama 130 hivi kwa siku. Jimu mara tatu kwa wiki inatosha kuanzia, piga skwati, kunyanyua chuma kutoka chini, kusukuma cha kifua, kuvuta cha mgongo, na ukiona seti imekuwa nyepesi ongeza uzito kidogo, usikae na kilo zilezile mwezi mzima. Na zile sitapu mia mia za kuondoa tumbo achana nazo, zinakaza misuli ya chini lakini mafuta ya juu yake haziyatoi.

bi_mitwero
Kaka mi niko Lindi, na nimeona pa kuanzia ni hizo korosho. Huku kusini tunazipenda na ni chakula kizuri, ila gramu 100 zina protini 18 tu na mafuta 44, kalori kama 550. Ukitafuna kutwa hiyo pungufu yote uliyoambiwa hapo juu imeshazibwa na wala hujashiba. Chota kiganja kimoja weka kwenye kibakuli, mfuko funga weka mbali na kaunta.
Halafu pweza! Watu tunamfanya wa kutafuna jioni tu na pilipili wakati gramu 100 za pweza aliyechemshwa zina protini karibu 30 na mafuta kama 2. Na samaki wako wa nazi siyo lazima umuache, tumia tui jepesi lile la mwisho, tui zito weka la wageni, au mchome tu na ndimu na chumvi. Ugali wa muhogo ni wanga karibu wote, punguza tonge, jaza mbaazi au kunde na mboga za majani, na asubuhi badala ya chapati mbili kula mayai, kila yai lina protini kama gramu 6.
Na kama mzee ana sukari kapime na wewe sukari na presha kabla hujaanza kubeba mizito, tafadhali usipuuze hilo.

mtoto_wa_shangani
Asante sana dada, nitapima wiki hii. Mkuu chuma, mizani haisogei kabisa ila suruali naona inalegea, ni kawaida? Na ile poda ya protini ninunue? Ramadhani je?

chuma_kizito
Kawaida kabisa, mafuta yanatoka misuli inaingia, mizani haikwambii hilo. Chukua futi ya fundi cherehani pima kiuno usawa wa kitovu, asubuhi kabla hujala, na andika kilo unazonyanyua. Kiuno kikishuka na kilo zikipanda uko sawa. Poda siyo lazima, hiyo hela nunua samaki. Ramadhani piga tizi baada ya futari chakula kikishatulia, seti punguza lakini uzito usishushe sana, na daku usile wanga mtupu, weka mayai au samaki na maji ya kutosha. Na ulale mkuu, jumla ya masaa saba au nane kwa siku, hata kama ni kwa kugawa usiku na mchana.

bi_mitwero
Futari nayo viazi vya nazi, mihogo ya nazi na kaimati vyote kwenye sahani moja hapana kaka, chagua kimoja.