Ulezi wa watafiti chipukizi unaishia kwenye barua ya maombi ya ufadhili

Ndugu watafiti wenzangu, nimenyamaza vya kutosha. Kila afanyaye kazi katika maabara za utafiti wa tiba hapa Nairobi anaijua ile barua inayoambatanishwa na maombi ya ufadhili, ambamo profesa huahidi kwamba atamlea mtafiti chipukizi, atakutana naye kila baada ya wiki mbili, atapitia miswada yake na kumkutanisha na wenzake wa nje. Barua yangu niliiandika mwenyewe, kwa kuwa niliambiwa, "Andika, nitatia sahihi", na ikatiwa sahihi bila hata koma kuguswa. Fedha ziliingia, mikutano haikuanza. Ripoti ya mwaka ilipowadia, nilitumiwa fomu ya tathmini nijaze sehemu yangu na ya mlezi pia, nikajikuta najisifu kwa niaba ya mtu ambaye hajui ninachokifanya.

Simlaumu profesa peke yake, maana ana madarasa yaliyofurika, zamu za kliniki na kamati zisizokwisha. Kinachoniudhi ni taasisi kupokea fedha kwa ahadi ya ulezi, kisha isimpunguzie mlezi hata saa moja ya kufundisha. Ulezi umegeuzwa hisani, nayo hisani haidaiwi.

Sisi, kwa upande wetu, tunahesabiwa kama vibarua. Stima ikipotea usiku na jenereta ikakataa kuwaka, anayepigiwa simu aje kuhamisha sampuli kutoka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ni yule mwenye mkataba wa miezi michache. Makala yakichapishwa, huyohuyo hulikuta jina lake katika aya ya shukrani. Miongozo ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inataja masharti manne ya kuitwa mwandishi, na ukuu wa idara si mojawapo. Tena inaagiza kwamba aliyechangia kwa kiwango kikubwa kukusanya au kuchanganua data apewe nafasi ya kushiriki katika uandishi. Asiye na machapisho ataombaje ufadhili wake mwenyewe?

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. CARTA, mpango wa kuwafunza watafiti wa afya ya umma barani Afrika unaoongozwa kwa pamoja na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha hapa Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, umekuwa ukiwapitisha wanafunzi wake wa uzamifu katika semina nne za pamoja, zilizopangwa hatua kwa hatua.

Najua jibu litakuwa fedha. Ni kweli kwamba Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, ahadi ambayo serikali haijaitimiza, na kwamba misaada ya Marekani imeyumba tangu 2025. Lakini kumwondolea mlezi somo moja kwa muhula hakungoji dola. Kukubaliana kwa maandishi juu ya majina ya waandishi kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa hakugharimu chochote. Vilevile, tathmini ya mlezi iandikwe na anayelelewa na iende moja kwa moja kwa mfadhili, isipitie mikononi mwa anayetathminiwa.

Aliye katika kamati ya utafiti ya chuo chochote naomba anijibu waziwazi: kwenu ni nani hukagua kama mikutano iliyoahidiwa kwenye barua hizo ilifanyika?