Uliwahi kumpelekea bosi wazo jipya? Ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Mtunza Stoo (mleta mada)

Habari zenu wadau. Naomba tupeane uzoefu kwenye jambo ambalo limeninyima usingizi wiki nzima.

Mimi ni mtunza stoo. Fundi akitaka kifaa, hata kama ni jozi moja ya glovu, anajaza fomu, anasaini, msimamizi wake anasaini, halafu mkuu wa idara naye anasaini. Kwa siku kumi nilikaa na daftari nikiandika kila fundi kafika saa ngapi na kaondoka na kifaa saa ngapi. Wengi walikuja mara mbili kwa sababu mwenye kusaini hakuwepo. Wazo langu: vifaa vidogo vidogo vitoke kwa saini moja tu.

Jumatatu kwenye kikao cha idara, tulipofika kwenye "mengineyo", nikanyoosha mkono nikamwaga yote. Nikasema utaratibu huu umepitwa na wakati na unatuchelewesha. Wenzangu wakaitikia. Bosi akafunga faili lake taratibu, akasema, "Tumelisikia, tutaliangalia." Kikao kikaisha.

Niliporudi stoo nikachukua fomu moja, nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Kona ya chini kushoto kuna herufi mbili ndogo sana. Ni za majina ya bosi. Ile fomu aliibuni yeye mwenyewe.

Tangu siku hiyo ananisalimia kwa mkato. Wazo bado naliamini kabisa. Mliopitia haya mlifanyaje?

Nesi wa Usiku

Pole sana mkuu. Kosa lako nalijua, maana nusura nilifanye.

Kwetu wodini makabidhiano ya zamu yalikuwa yanafanyika kwenye meza ya manesi. Wa usiku anasoma, wa asubuhi anaandika, na mgonjwa yuko kitandani kwake hajui anasemwa nini. Nilitaka tukabidhiane pembeni ya kitanda, mgonjwa akisikia. Ningeomba wodi nzima ningekataliwa, kwa sababu makabidhiano yakirefuka wa usiku anachelewa kutoka, na lawama zote zinamwangukia sista mkuu wa wodi. Nikamfuata peke yake mwisho wa zamu: "Sista, naomba vitanda vinne tu, kwa wiki mbili. Siku yoyote ukiona inasumbua, niambie tunarudi tulikotoka." Nilimwona kabisa akilegea nilipofika kwenye hayo maneno ya mwisho.

Asubuhi ya tatu nikawa nasoma kwamba mgonjwa amepata dawa zote za usiku. Mama wa kitanda cha pili akainua mkono, sauti ndogo: "Mwanangu, ile ya saa nne hamkunipa." Tukafungua chati. Kisanduku cha saa nne kilikuwa kitupu. Sista alikuwa amesimama mlangoni, hakusema neno. Wiki mbili zilipoisha ni yeye aliyeniuliza vitanda vilivyobaki tunaanza lini. Mambo ya siri ya mgonjwa tuliendelea kuyasemea mezani, hilo alilisisitiza yeye na alikuwa sahihi.

Karani

Yangu inauma. Nilimweleza bosi wazo langu kwa mdomo tu, tumesimama kwenye korido. Wiki iliyofuata nikamsikia analitoa mbele ya wakubwa, tena kwa ufasaha kuliko mimi. Jina langu halikutajwa. Nilikaa miezi mingi sijafungua mdomo kazini.

Nimekaa Upande wa Pili

Karani, pole. Hakukutendea haki, na sina la kumtetea. Siku nyingine ukishaongea na bosi, mwandikie barua pepe siku hiyohiyo, mistari mitatu inatosha: "Asante kwa kunisikiliza kuhusu jambo lile, mchanganuo nitakuletea kufikia Ijumaa." Hujamshtaki mtu, ila jina lako na tarehe vimebaki pale.

Mleta mada, nimeongoza idara kwa miaka 11, basi nikwambie kinachopita kichwani mwa bosi mtu anapoleta wazo. Uzuri wa wazo hauji kwanza. Kinachokuja kwanza ni hiki: nani ataifanya hii kazi, fedha itatoka fungu gani, na ikiharibika nitamwambia nini mkubwa wangu? Bosi naye ana bosi. Ukimletea wazo bila majibu ya hayo matatu, umemletea mzigo, na siku hiyo anayo mingine tayari.

Halafu hili la kikaoni. Ukisema mbele ya watu kumi na wawili kwamba utaratibu umepitwa na wakati, hata kama ni kweli, unamlazimisha ajitetee. Akishajitetea mbele ya watu ni vigumu sana kugeuka. Mimi mwenyewe nimewahi kukataa wazo zuri kwa namna hiyo, na mpaka leo linanisumbua, kwa sababu yule kijana aliacha kazi. Nenda ofisini kwake. Usianze na wazo lako. Muulize ile fomu ilianzaje.

Msoma Historia

Naongezea mifano miwili ambayo huwa naifikiria sana.

Mwaka 1975 mhandisi wa kampuni ya Kodak, Steven Sasson, akiwa kijana wa miaka 24 au 25, aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, na picha moja nyeusi na nyeupe ilichukua sekunde 23 kurekodiwa kwenye kaseti. Akaizungusha kwa wakubwa wa idara mbalimbali, anawapiga picha wenyewe halafu anawaonyesha kwenye televisheni. Wakamuuliza kwa nini mtu atake kutazama picha zake kwenye televisheni. Kampuni ilikuwa inaishi kwa kuuza filamu, karatasi na kemikali za kusafishia picha, na kile alichokibeba mikononi kilikuwa kinaigusa riziki hiyo moja kwa moja. Mwaka 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi.

Wa pili ni Art Fry wa kampuni ya 3M. Mwenzake, Spencer Silver, alitengeneza mwaka 1968 gundi inayoshika kidogo na kubanduka bila kuharibu karatasi, ikakaa miaka bila kupata kazi. Fry alikuwa anaimba kwaya, na vikaratasi alivyoweka kwenye kitabu cha nyimbo vilikuwa vinamdondoka. Mwaka 1974 akakumbuka ile gundi. Siku moja akaandika jambo kwenye kikaratasi chenye gundi, akakibandika juu ya ripoti iliyokuwa inakwenda kwa bosi wake. Bosi akamjibu kwa njia hiyohiyo. Tayari alikuwa anaitumia kabla ya mtu kumshawishi! Karatasi hizo, zinazoitwa Post-it, zilianza kuuzwa Marekani nzima mwaka 1980.

Sasson naye alionyesha kitu halisi, hakuishia kwenye maneno. Lakini kitu chake kilimtaka bosi aache kinachomlisha. Cha Fry kilimpunguzia bosi usumbufu siku hiyohiyo. Mleta mada, jiulize fomu yako mpya itampunguzia nini bosi wako.

Mtunza Stoo (mleta mada)

Wadau, narudi kuleta mrejesho. Asanteni sana, nimesoma kila neno.

Juzi jioni nilimfuata ofisini. Nikamwomba radhi kwa kulisema lile kikaoni kabla ya kumfuata. Halafu nikamuuliza ile fomu ilianzaje. Akanyamaza kidogo, akavuta kiti akaniambia nikae. Kumbe kabla sijaajiriwa mashine za kutobolea na nyaya za shaba zilikuwa zinapotea, na mtunza stoo wa wakati huo alifukuzwa kazi kwa hasara ambayo bosi haamini mpaka leo kama ilikuwa yake. Saini tatu aliziweka ili mtunza stoo asibaki peke yake siku kitu kikipotea. Yaani zilikuwa zinanilinda mimi.

Nikamfungulia daftari. Akalipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika kwenye siku ambayo fundi alirudi mara tatu kufuata balbu moja. Akauliza, "Siku hii mimi nilikuwa wapi?" Nikamwambia alikuwa kwenye mkutano nje ya ofisi. Nikamwonyesha pia saini zake mwenyewe: kwa zile siku kumi zilifika 64 za glovu, skrubu na balbu peke yake.

Tumekubaliana mwezi mmoja wa majaribio. Glovu, skrubu, balbu na tepu kwa saini moja. Mashine na nyaya zinabaki na saini tatu. Kila Ijumaa nahesabu rafu na kumpelekea karatasi. Ikipungua hata balbu moja bila maelezo, tunasimamisha.

Usiku huu nimeandaa fomu mpya ya vifaa vidogo. Zile herufi mbili nimeziacha palepale kwenye kona.