Tupeane uzoefu: mradi mmoja, lugha za programu mbili tatu ndani yake

Wakuu habari za muda huu. Waliowahi kushika mradi wenye lugha zaidi ya moja tupeni yaliyowakuta, nadharia tunazo za kutosha. Naanza mimi. Kwetu seva ni Python, brauza ni JavaScript. Mteja akifungua risiti yake anaambiwa haipo, na kwenye databesi tunaiona kabisa, ID inaishia 993. Kucheki kwenye brauza inaishia 992! Kumbe namba za kawaida za JavaScript uhakika wake unaishia 9007199254740991, ukivuka hapo inakadiria kimyakimya, erori hakuna, wakati Python namba nzima haina ukomo. Siku hizi ID zote kwenye JSON (maandishi ya data ambayo seva inaitumia brauza) zinatoka kama stringi, yaani maandishi badala ya namba, na hilo kwangu halina mjadala.

---

Mkuu hiyo ipo hata ukiwa na Java kwenye seva, zile namba zake nzima kubwa za aina ya long. Mimi nipo Android. Tangu Google waipokee rasmi lugha ya Kotlin 2017 tunahama polepole kutoka Java, faili jipya Kotlin, la zamani linabaki Java, na zinaelewana vizuri tu maana zote zinaishia baitikodi ileile (kodi inayosomwa na mashine baada ya kutafsiriwa). Ila ulinzi wa Kotlin dhidi ya null (thamani tupu) ukipokea kitu kutoka Java isiyo na @Nullable, alama inayosema kitu kinaweza kuwa null, kompaila inanyamaza na app inakuja kumwangukia mtumiaji. Wekeni hizo anotesheni kwenye Java kwanza ndio mhame.

---

Watu wanaogopa bure, ukitumia NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, tayari umeshachanganya, mle ndani ni C. Shida ipo pale lugha zinapokabidhiana. Tulirithi mradi wa Python unaoita maktaba ya C kwa ctypes (moduli ya Python ya kuita C), fankisheni inarudisha pointa, yaani anwani ya kwenye memori, lakini restype, aina ya kinachorudishwa, haikutajwa, kwa hiyo Python ikaichukulia ni int ya biti 32, anwani ikakatwa nusu. Mashine hii inatembea, ile segfault (programu inakufa ghafla kwa kugusa memori isiyo yake), traceback ya kuonyesha kosa lilipo hamna. Tukaongeza mstari mmoja wa restype = c_void_p, ikatulia.

---

Mimi naongelea watu. Hata Linux, ambayo kiini chake ni C, ilipoanza kupokea lugha ya Rust, toleo 6.1 Desemba 2022, mabishano mengi yalikuwa nani atatunza. Kwetu mradi wote ni lugha ya Go, jamaa akaongeza huduma moja kwa lugha nyingine, Elixir, nzuri kweli, halafu akahama kazi, ikawa ikizima tunairistati tu hakuna anayethubutu kuifungua. Sasa tunaiandika upya kwa Go na lugha mpya haiingii mpaka wawepo wawili wanaoiweza.