Wanamuziki wa Urusi na tuzo za kimataifa: walibaniwa tangu zamani?

Wakuu, kila Urusi ikitajwa kwenye muziki kuna hoja hairukwi: kwamba Ulaya imewabania wasanii wake miaka yote, na kuwafungia Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, mwaka 2022 kulikuwa kuhitimisha tu. Naikataa.

Kwenye Eurovision, mwimbaji wa Urusi Alsou alishika nafasi ya pili mwaka 2000, akiwa na miaka 16. Kundi la t.A.T.u. lilikuwa la tatu mwaka 2003, mwaka uleule ambao wimbo wao ulishika namba moja Uingereza. Dima Bilan alikuwa wa pili 2006, akarudi 2008 kule Belgrade akashinda, na mwaka uliofuata mashindano yakaenda Moscow. Kubaniwa gani huko?

Wengi watanitajia Eurovision ya Stockholm 2016. Sergey Lazarev wa Urusi aliongoza kura za watazamaji kwa pointi 361, majaji wakampa 130 tu. Jamala wa Ukraine alishinda kwa jumla ya 534 dhidi ya 491 za Lazarev. Kaporwa? Australia ndiyo iliyoongoza kwa majaji, pointi 320, na haikuchukua ushindi. Jamala alikuwa wa pili pande zote mbili, na hesabu ikambeba.

Sasa 2022. Umoja wa vituo vya utangazaji vya Ulaya uliiondoa Urusi tarehe 25 Februari, siku moja baada ya majeshi kuivamia Ukraine. Tukumbuke kwamba Eurovision msanii hapelekwi na nafsi yake, anapelekwa na kituo cha utangazaji, na vituo vilivyoipeleka Urusi viko mikononi mwa serikali. Uamuzi ule nauunga mkono. Mtu akiniambia mbona Israel iliendelea kushiriki 2024 na 2025 wakati Gaza inawaka, sina la kumjibu. Hapo upendeleo upo.

Kinachoniuma hasa ni mwimbaji Manizha. Mzaliwa wa Dushanbe, Tajikistan, aliiwakilisha Urusi 2021 akawa wa tisa. Vita vilipoanza alivipinga hadharani, akafutiwa maonyesho nyumbani. Kundi la Little Big nao, waliokuwa waiwakilishe Urusi 2020 kabla korona haijafuta mashindano, waliihama nchi na kuimba dhidi ya vita. Watu hawa wamelipa gharama ya msimamo wao, na bado mlango wa Ulaya umefungwa kwa sababu ya bendera ya nchi ambayo vita vyake walivipinga. Olimpiki waliweza: Rio 2016 wakimbizi walikuwa na timu yao. Kwenye muziki inashindikana nini?

Najua kuna watakaosema Urusi ina jukwaa lake sasa. Kweli, Intervision, mashindano ya nyimbo ya Urusi yenyewe, ilifufuliwa Moscow Septemba 2025, dada yetu Sanaipei Tande akaiimbia Kenya, na Đức Phúc wa Vietnam akashinda. Sina neno na walioenda. Ila anayeona Intervision inatosha anijibu: Manizha akaimbe wapi?