Mrejesho: Zero A6M2 ya 1:48, pengo la bawa na stika zilizoacha weupe

Wakuu, nilileta shida tatu za modeli yangu ya plastiki ya Zero A6M2, ndege ya kivita ya Kijapani (modeli ni 1/48 ya ukubwa wa ndege halisi): pengo kwenye shina la mabawa (pale bawa linapoungana na kiwiliwili), stika za duara jekundu zenye weupe pembeni, na kioo cha rubani kilichopata ukungu. Asanteni sana, nimepata msaada wa kweli.

Pengo: nilifuata ushauri wa kuweka kipande cha plastiki ndani ya kiwiliwili kiusukume ubavu wake kwenda nje, kisha kuvuta ncha za mabawa juu kwa utepe usiku kucha. Kushoto pameziba kabisa. Kulia palibaki uwazi kama unywele. Nimeujaza kwa gundi nyeupe ya mbao na kuufuta kwa pamba yenye maji. Puti ingedai msasa, na msasa ungefuta mistari ya mabati (mifereji midogo inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege).

Stika: chanzo kilikuwa rangi isiyong'aa. Uso wake una vishimo vidogo vidogo, hewa inanasa chini ya stika na kuonekana kama weupe. Nilipuliza vanishi ya kung'aa mara 2, nyepesi, nikasubiri saa 24, ndipo nikabandika stika mpya na kupaka dawa ya kulainisha stika. Mabawani zimekaa kama rangi. Moja ilichanika juu ya mstari wa eleroni (kibawa kinachocheza nyuma ya bawa), maana niliigusa ikiwa bado laini. Msiiguse hadi ikauke!

Kioo kimepona nusu tu. Dawa ya meno imeondoa ukungu wa nje, wa kwenye kona za ndani umegoma. Mvuke wa supaglu ndio uliouleta, kwa hiyo vioo vibandikeni kwa gundi nyeupe.